Kusoma Hukumu na Kuiandikia Uchambuzi: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, habari za mahakamani husambaa haraka kuliko nakala za hukumu zenyewe. Kesi ya shamba la chai Rungwe, ya kiwanja Mwanjelwa au ya mpaka wa mashamba ya mpunga Mbarali ikisomwa asubuhi, kufikia jioni watu wameshaambiana nani ameshinda, na mara nyingi wanachoambiana sicho mahakama ilichoamua. Rufaa imekubaliwa, ni kweli, lakini kilichofutwa ni mwenendo wa baraza lililosikiliza shauri, na hakuna jaji hata mmoja aliyesema shamba ni la nani. Mtu anarudi nyumbani akishangiliwa, kisha miezi michache baadaye anaitwa kuanza kesi upya, na ndugu zake wanaamini kwamba mahakama imegeuka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari, msaidizi wa kisheria wa kijijini na kila anayetaka kuwaeleza wenzake, kwa maandishi, mahakama imeamua nini na kama imeamua vizuri. Ninashikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: uchambuzi wa hukumu uanze na swali ambalo mahakama iliulizwa. Asiyelijua swali hawezi kulisifu jibu wala kulilaumu, na uchambuzi mwingi unaopotosha umepotoka hapo hapo, kabla mwandishi hajafika kwenye sheria.

Hatua ya kwanza: pata nakala yenyewe

Usiandike kutokana na ujumbe uliotumwa kwenye simu, muhtasari wa gazeti wala maelezo ya wakili wa upande mmoja, hata kama ni mtu unayemwamini. Maamuzi mengi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambako mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyapakua bila malipo. Huko kila uamuzi una namba yake, na herufi zilizomo ndani ya namba hiyo hukuonyesha ngazi ya mahakama: TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Maamuzi ya zamani yaliyochaguliwa yamo katika vitabu vya ripoti za sheria vinavyofupishwa TLR, na mashauri ya enzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki hutajwa kwa herufi EA. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo au wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hutaupata kwa urahisi mtandaoni; hapo itakubidi upitie masijala, au uombe nakala kwa mmoja wa wadaawa, yaani wale wanaoshindana katika shauri, na uhakikishe kwamba ni nakala iliyothibitishwa na kugongwa muhuri.

Angalia pia umeshika hati gani, kwa sababu watu huziita zote hukumu. Hukumu yenyewe humaliza shauri na hubeba sababu. Uamuzi mdogo hujibu ombi au pingamizi lililojitokeza njiani, na unaweza kumaliza shauri au usilimalize. Dikrii ni hati fupi inayotaja kilichoamriwa bila kueleza kwa nini. Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yaliyosemwa na mashahidi na mawakili siku hadi siku. Uchambuzi huandikwa juu ya hukumu au uamuzi mdogo, lakini mara nyingi mwenendo ndio unaokuonyesha kama jaji amemwelewa shahidi au la, na kwa hiyo ukiweza kuupata, usiuache.

Kuhusu lugha, sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, ingawa hukumu nyingi utakazokutana nazo katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, hasa za miaka ya nyuma, ni za Kiingereza. Ukinukuu hukumu ya Kiingereza kwa Kiswahili, mwambie msomaji kwamba tafsiri ni yako, na uwe mwangalifu kupita kiasi na maneno yanayoonyesha ruhusa na yale yanayoonyesha ulazima. Kifungu kinachosema mwenyekiti anaweza kufanya jambo, ukikitafsiri kwamba lazima alifanye, umetunga sheria ambayo Bunge halikuitunga.

Hatua ya pili: soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho kabla ya katikati

Chukua hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyotolewa Mbeya na uiweke mezani. Juu kabisa pametajwa mahakama na mji ilimokaa, kisha majina ya majaji watatu wa rufani waliosikiliza, kisha namba na mwaka wa rufaa, kisha mrufani na mjibu rufani. Chini ya majina ya wadaawa kuna maneno machache ndani ya mabano ambayo wasomaji wengi huyaruka: rufaa hii inatoka katika uamuzi wa mahakama gani, wa jaji gani, wa tarehe ipi, katika shauri namba ngapi. Maneno hayo ndiyo yanayokueleza shauri limepita wapi. Yakionyesha kwamba Mahakama Kuu nayo ilikuwa ikisikiliza rufaa, basi unasoma rufaa ya pili au hata ya tatu, na hilo linabadilisha kila kitu kuhusu yale ambayo mahakama ilikuwa tayari kuyagusa.

Katika rufaa ya kwanza, mahakama ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe. Katika rufaa ya pili, mahakama haiingilii kwa wepesi matokeo ya kiushahidi ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana juu yake, isipokuwa pale ambapo ushahidi haukueleweka ipasavyo, au kanuni ya sheria imevunjwa na haki ikapotea. Na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliwezi kufika Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Mwandishi asiyejua hili atawalaumu majaji kwa kutomwamini shahidi fulani wa Tukuyu, ilhali katika ngazi ile hawakuwa na nafasi ya kumpima shahidi huyo upya.

Kisha nenda ukurasa wa mwisho. Tafuta aya ya maagizo na uiandike pembeni neno kwa neno. Rufaa kukubaliwa, rufaa kutupiliwa mbali, rufaa kufutwa kwa kasoro ya nyaraka, mwenendo kubatilishwa na shauri kurudishwa lisikilizwe upya: haya ni mambo manne tofauti. Rufaa iliyofutwa kwa sababu ya kasoro haijaamuliwa kwa uzito wa hoja, na kwa kawaida mhusika anaweza kurudi tena, akifuata masharti ya muda. Mwenendo uliobatilishwa humwacha kila mdaawa pale alipokuwa kabla ya kesi kusikilizwa. Katika hali hizi mbili, mwandishi asitumie neno "ameshinda" bila kuongeza ameshinda nini.

Hatua ya tatu: liandike swali kwa sentensi moja

Sasa soma hukumu yote mara moja bila kuandika chochote. Ukirudia mara ya pili, tenganisha kwa kalamu sehemu tatu: historia ya mgogoro, sababu za rufaa na hoja za mawakili, na sehemu ambayo mahakama inaanza kusema kwa sauti yake yenyewe. Utaona kwamba mrufani alileta sababu saba, na mahakama ikasema kwamba sababu ya tatu peke yake inatosha kumaliza rufaa. Wakati mwingine mahakama huziacha sababu zote na kuibua yenyewe jambo la mamlaka au la utaratibu, kisha ikawaita mawakili walizungumzie. Swali la hukumu ni lile lililojibiwa, na laweza kuwa mbali kabisa na lile lililowasukuma wadaawa kwenda mahakamani.

Liandike kwa sentensi moja yenye sheria na mazingira yake. "Je, shamba ni la nani?" si swali la kisheria linalotosha. "Je, hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inaweza kusimama ikiwa maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadaawa?" hilo ni swali, na lina jibu unaloweza kulichunguza. Sentensi hiyo ikikushinda kuandika, bado hujaielewa hukumu. Rudi uisome tena kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya nne: tenganisha msingi wa uamuzi na maneno mengine

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nitakapokaa kwa muda. Hukumu ya kurasa ishirini haina sheria mpya kurasa zote ishirini. Ina sababu iliyobeba uamuzi, yaani ile ambayo ukiiondoa, matokeo yanaanguka. Na ina maneno ya kando, ambayo jaji ameyasema kwa kupita, kwa kutoa mfano au kwa kushauri. La kwanza huzifunga mahakama za chini. La pili laweza kuwa na hekima kubwa, lakini halifungi.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni shauri ambalo wanasheria wa Tanzania hulitaja kwa jina la Bi Hawa tu, lililoripotiwa kama [1983] TLR 32. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za wanandoa wanapoachana, na kinaitaka izingatie, miongoni mwa mengine, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Kabla ya uamuzi huo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine waliona kazi za nyumbani ni mchango, wengine waliona ni wajibu wa kawaida wa mke usiohesabika. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya msingi ya shughuli za kiuchumi za mume au mke, na kwa hiyo kazi za nyumbani huingia katika juhudi za pamoja.

Kila anayeandika juu ya mgawanyo wa mali ya ndoa hunukuu sehemu hiyo, na anafanya vyema. Wengi lakini huishia hapo, na msomaji hubaki akiamini kwamba mrufani alipata mgawo wake. Hakupata. Rufaa yake ilitupiliwa mbali. Mahakama ilizingatia kwamba mumewe alikuwa amempa shilingi 15,000 ili ajipatie nyumba yake mwenyewe, na kwamba alizitumia vibaya, na ikaona kwamba mwenendo huo ulifuta mchango wake hata hakustahili kupata zaidi. Kwa hiyo hukumu ile ina kanuni mbili, na ya pili ilimgeukia yule yule ambaye ya kwanza ilimfungulia mlango.

Tazama sasa mchambuzi ana mambo mangapi ya kufanya hapa. Aeleze kwamba kanuni ya kwanza ilikuwa lazima kuamuliwa, kwa sababu kama kazi ya nyumbani isingekuwa mchango, mahakama isingehitaji kuuliza iwapo mchango huo umefutwa. Aulize kama kanuni ya pili ina mizizi katika maneno ya kifungu cha 114, ambacho kinataja mila za jamii, mchango wa kila upande, madeni na mahitaji ya watoto wadogo, na hakitaji adhabu kwa matumizi mabaya. Mimi naona kwamba hesabu ya fedha ambazo mke alikwisha kupewa ingeweza kufanywa kama hesabu ya kawaida ya mgawo, bila kuiita kosa linalofuta miaka ya kazi yake. Msomaji anaweza kunipinga, na atakuwa na hoja. Lakini tutakuwa tunabishana juu ya hukumu iliyotolewa kweli. Msaidizi wa kisheria wa Makete au Kilolo anayemwambia mama aliyeachwa kwamba "sheria inasema utapata nusu" kwa kutegemea shauri hili anampa ahadi ambayo shauri lenyewe halikuitoa, wala halikutaja nusu.

Hatua ya tano: fuata mlolongo, usiitazame hukumu peke yake

Hukumu huwa na wazazi na huwa na watoto. Tafuta ilizozitegemea, kisha tafuta zilizoitegemea. Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini kuna mlolongo mmoja unaofaa sana kwa mazoezi, kwa sababu umejengwa hapa hapa, katika vikao vya Mahakama ya Rufani vya Mbeya na Iringa, na unahusu jambo linalowagusa wakulima moja kwa moja: nafasi ya wazee wa baraza, yaani wajumbe wanaokaa na mwenyekiti na kumpa maoni, katika mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya.

Sheria iliyotumika katika mashauri hayo ni Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Kifungu cha 23 kilitaka baraza liwe na mwenyekiti na wazee wasiopungua wawili, na kwamba wazee hao watoe maoni yao kabla mwenyekiti hajafikia hukumu. Kifungu cha 24 kilisema kwamba mwenyekiti hafungwi na maoni yao, ila akitofautiana nao atoe sababu. Kanuni za mwaka 2003 zikaongeza kwamba maoni yawe ya maandishi.

Anza na Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017, iliyosikilizwa Mbeya, ambayo mjibu rufani wake alikuwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Mahakama ilisema kwamba wazee lazima washiriki kikamilifu, na kwamba maoni yao ya maandishi lazima yatolewe mbele ya wadaawa, ili wajue ni maoni gani na kama mwenyekiti ameyazingatia katika hukumu yake. Soma baada yake Rufaa ya Madai Na. 286 ya 2017, nayo ya Mbeya, ambamo mahakama ilikataa kuyapa uzito maoni yaliyokutwa tu kwenye jalada bila mwenendo kuonyesha kwamba wazee walitakiwa kuyatoa. Halafu soma Rufaa ya Madai Na. 154 ya 2015, ya Iringa, iliyosema kwamba si salama kuchukulia kuwa maoni yalitolewa kwa sababu tu mwenyekiti ameyataja katika hukumu, ikiwa maoni yenyewe hayamo kwenye kumbukumbu.

Ukizisoma kwa pamoja unaona hali tatu ambazo zinakaribiana lakini hazilingani: maoni yapo ila hayakusomwa kwa wadaawa, maoni yapo ila haijulikani yaliingiaje, na maoni hayapo kabisa. Mchambuzi mvivu huzifupisha zote kuwa "wazee hawakushirikishwa." Mchambuzi makini huonyesha uzi unaoziunganisha, yaani kwamba kumbukumbu za baraza ndizo zinazothibitisha, na kwamba mdaawa ana haki ya kusikia kila kitu kinachoweza kuathiri hukumu yake. Hapo ndipo unapoweza kurudi nyuma hadi kwenye shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport Limited, [2003] TLR 251, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kusikilizwa katika nchi hii ni zaidi ya kanuni iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, ni haki ya kikatiba iliyomo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba.

Baada ya kuonyesha uzi, uliza swali gumu. Ikiwa mwenyekiti hafungwi na maoni ya wazee, ni haki gani inayopotea yasiposomwa? Kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo kilisema kwamba uamuzi wa baraza usitenguliwe kwa sababu ya kosa la utaratibu isipokuwa kosa hilo limesababisha haki kupotea. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 kanuni ya lengo kuu, inayosisitiza utatuzi wa migogoro kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu, iliingizwa katika sheria zetu za mienendo. Upande mmoja wa mizani yuko mkulima wa viazi wa Njombe aliyeuza ng'ombe kulipia kesi, na ambaye baada ya miaka anaambiwa aanze upya kwa kosa la mwenyekiti ambaye yeye hakumchagua. Upande wa pili kuna hoja nzito kwamba baraza lisilokamilika kwa mujibu wa sheria si baraza, na kwamba sababu anazotakiwa mwenyekiti kutoa anapotofautiana na wazee hazina maana ikiwa hakuna anayejua wazee walisema nini. Mimi naielekea hoja ya pili pale ambapo maoni hayapo kabisa. Pale ambapo yameandikwa, yamo kwenye jalada na mwenyekiti ameyajadili, ninaona kwamba kifungu cha 45 kilistahili kupewa nafasi kubwa zaidi.

Kumbuka pia ngazi za mamlaka unapofuata mlolongo. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake, hata kama jaji wa chini anauona una makosa. Hilo liliwekwa wazi katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, [1988] TLR 146. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu Iringa humshawishi mwenzake wa Mbeya au Songea, lakini haumfungi. Kwa hiyo usimlaumu hakimu wa Vwawa kwa kufuata uamuzi usioupenda. Lawama yako, kama ina msingi, ielekeze kwenye mahakama iliyouweka.

Hatua ya sita: andika

Aya ya kwanza itaje mahakama, mji, namba ya shauri, swali na jibu. Mtindo wa kuchelewesha jibu ili kumvuta msomaji haufai katika kazi hii. Kwa mfano: "Katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017, Mahakama ya Rufani ikiwa imeketi Mbeya ilikabiliwa na swali la iwapo hukumu ya baraza la ardhi inaweza kusimama pale ambapo maoni ya wazee hayakutolewa mbele ya wadaawa. Jibu lake ni kwamba haiwezi. Mahakama haikuamua ni nani mwenye haki juu ya ardhi inayogombewa." Sentensi ya mwisho ni fupi, na ndiyo inayomsaidia zaidi msomaji asiye mwanasheria. Iweke kila inapohitajika.

Aya zinazofuata zieleze mambo ya kweli ya shauri, na hapo uwe bahili. Chagua yale tu yaliyobeba uamuzi. Kama rangi ya gari haikuwa na uzito kwa majaji, isiwe na uzito kwako. Kisha toa hoja za pande zote mbili kwa uaminifu, hata ule uliokwisha kuuona dhaifu, kwa maneno ambayo wakili wake angeyakubali kuwa ni yake. Halafu eleza sababu ya mahakama kwa mpangilio wake, na uonyeshe kwa kutaja ukurasa mahali unaponukuu.

Tathmini yako ije mwisho na isimame juu ya vipimo vinavyojulikana. Je, uamuzi unalingana na maneno ya sheria? Je, unalingana na maamuzi ya awali, na kama umeyaacha, umesema kwa nini? Je, umejibu hoja nzito kuliko zote ya upande ulioshindwa, au umeizunguka? Hili la mwisho ndilo ninaloliangalia zaidi, kwa sababu jaji anayeikabili hoja ngumu na kuikataa kwa kutoa sababu amemheshimu aliyeshindwa, na jaji anayeipita kimya amemwacha mtu huyo aondoke bila kujua kwa nini. Ukilaumu, laumu sababu. Kuandika kwamba jaji ametumwa au amenunuliwa, bila ushahidi, kunaweza kukufikisha mahakamani wewe mwenyewe, na hakumfundishi msomaji chochote kuhusu sheria.

Kwa shauri ambalo bado linaendelea, eleza lilipofikia na uamuzi mdogo uliokwisha kutolewa, na usitabiri matokeo wala kuwapima mashahidi ambao mahakama bado haijawapima. Katika mashauri ya watoto, ya ukatili wa kijinsia na ya ndoa, usitaje majina, hata kama hukumu imeyataja, na usitaje kijiji au shule kwa namna itakayowafanya majirani wamtambue mhusika. Katika wilaya ndogo, "mwalimu wa kike wa shule ya sekondari ya kata" ni sawa na kumtaja jina.

Hatua ya saba: hakikisha uamuzi bado unasimama

Kabla ya kuchapisha, tafuta mambo matatu. Kwanza, kama kuna rufaa iliyofunguliwa dhidi ya uamuzi huo, au ombi la kuitaka Mahakama ya Rufani iupitie uamuzi wake yenyewe kwa mujibu wa Kanuni ya 66 ya Kanuni zake za mwaka 2009, njia ambayo mlango wake ni mwembamba lakini upo. Pili, kama kuna uamuzi wa baadaye wa mahakama hiyo hiyo unaosema tofauti. Maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yakigongana, mahakama imekuwa ikifuata ule wa karibuni zaidi. Tatu, kama Bunge limebadilisha sheria yenyewe.

Hili la tatu limewapotosha wengi katika mashauri ya ardhi. Maamuzi ya miaka ya nyuma kuhusu mabaraza ya kata yanazungumzia mabaraza yaliyokuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua mgogoro. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya baraza la kata katika migogoro ya ardhi imebaki kuwa upatanishi. Kunukuu leo uamuzi wa mwaka 2015 kuhusu akidi ya baraza la kata, bila kutaja marekebisho hayo, ni kumpeleka mkulima wa Mbozi kwenye mlango uliokwisha kufungwa. Vilevile namba za vifungu na majina ya sheria huweza kubadilika toleo jipya la sheria zilizorekebishwa linapotoka, kwa hiyo taja daima toleo ambalo hukumu ililitumia, la 2002, la 2019 au jingine, na usilazimishe namba mpya ndani ya hukumu ya zamani.

Andika juu ya uchambuzi wako tarehe uliyouhakiki. Uamuzi ukitenguliwa baadaye, usiufute uchambuzi wala kuubadilisha kimyakimya. Ongeza juu yake aya inayotaja namba ya uamuzi mpya, mahakama iliyoutoa na kilichobadilika, kisha uache maandishi ya awali yabaki chini yake, ili wakili wa Mafinga aliyeyanukuu mwezi uliopita aone ni wapi hasa pa kurekebisha.